Kisu kidogo cha bei nafuu kipimwe kwa kazi, si kwa jina la chuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie namna tunavyovipima visu vidogo vya kazi, vile vya bapa lisilokunjwa ambavyo huuzwa kwa bei nafuu pamoja na ala zake, yaani vifuko vya kuvibebea. Tathmini nyingi ninazozisoma huanza na jina la chuma na karibu kuishia hapo hapo, kana kwamba msomaji akishalijua jina hilo amekijua kisu chenyewe. Mimi ni fundi seremala, kisu cha namna hii hakitoki kiunoni mwangu siku ya kazi, na naona kwamba kwa kisu cha bei ya chini umbo la bapa ndilo lingestahili kutangulia, na kwamba jambo linalosahauliwa kuliko yote ni ala.

Kisu hukata kwa sababu ya wembamba. Makali yanaweza kunolewa hadi yanyoe nywele za mkono, lakini ikiwa sehemu iliyo nyuma tu ya makali hayo ni nene, kisu kitaingia kidogo kisha kitaanza kupasua badala ya kukata. Bapa lenye urefu wa sentimita 8 na unene wa milimita 4 au 5 ni patasi iliyovishwa mpini wa kisu. Hata hivyo visu vya aina hiyo vimejaa sokoni, na sababu zake hazijifichi: unene humfanya mnunuzi aone kwamba ameshika kitu madhubuti, na wakati huo huo humpunguzia mtengenezaji gharama, kwa kuwa kulipunguza bapa mpaka liwe jembamba kunataka muda mrefu kwenye mashine ya kusaga. Anayetaka kuliona hili kwa macho yake achukue kipande cha boksi gumu na kukikata kwa mkato mmoja mrefu. Kisu chembamba hupita kwa sauti ndogo na kuacha ukingo ulionyooka, ilhali kinene hukwama katikati, karatasi zikajikunja pande zote mbili, na mkono ukalazimika kusukuma. Mkono unaosukuma ndio unaoteleza, kwa hiyo unene huo ni suala la usalama pia, hasa pale mpini unapokosa kizuizi cha kidole.

Mfano mzuri wa upande wa pili ni visu vya Morakniv vinavyotengenezwa Mora, nchini Sweden, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa kipimo cha visu vya bei nafuu. Kile kinachoitwa Companion kina bapa la unene wa takriban milimita 2.5 na mpini wa plastiki na mpira, wala msuka wake, yaani mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, haufiki mwisho wa mpini huo, jambo ambalo wapenzi wa visu vizito hulitaja kama aibu. Lakini mteremko wake wa makali ni mmoja na mpana, kiasi kwamba anayejifunza kunoa huulaza wote juu ya kinoo na pembe sahihi ikajipata yenyewe. Sifa hiyo ina manufaa kwa mtu wa kawaida kuliko chuma cha gharama kubwa ambacho hataweza kukinoa nyumbani.

Sisemi kwamba chuma hakina maana. Chuma kisichoshika kutu huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kinamfaa anayefanya kazi penye maji au chumvi, ingawa nacho kikiachwa na uchafu kitapata madoa. Chuma cha kaboni hushika kutu upesi, lakini hunoleka kwa urahisi. Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, hutokana na upikaji wake, yaani jinsi kilivyopashwa moto mkali, kikazimwa ghafla, kisha kikapashwa tena moto mdogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Visu viwili vya chuma cha jina moja vinaweza kutofautiana kabisa kwa sababu hiyo, na maandishi yaliyo kwenye bapa hayatakwambia lolote. Mnunuzi asiye na mashine ya kupimia ugumu anaweza kukinoa kisu, akakatia kamba ya katani au boksi kwa muda, kisha akayaelekeza makali kwenye taa na kuyatazama kwa urefu wake. Makali mazima hayaonekani, na kila mahali panapong'aa mstari mweupe pamefubaa. Pakiwa pamelala upande mmoja chuma ni laini mno, na pakiwa pamemeguka kama meno madogo ni kikavu mno. Lakini kisu kipya kisihukumiwe kwa makali ya kiwandani, kwani mashine ya kunolea inaweza kuupasha moto ukingo ule mwembamba na kuulainisha, na baada ya kunolewa mara kadhaa kwa mkono chuma kizima kilicho nyuma yake hujitokeza.

Kuhusu kukigonga kisu mgongoni kwa gogo ili kipasue kuni, jaribio ambalo wakaguzi wengi hulipenda, niseme tu kwamba hiyo ni kazi ya shoka.

Nirudi kwenye ala, ambayo kwa kisu kisichokunjwa ni nusu ya kifaa, maana bila hiyo hakibebeki. Hapa ndipo watengenezaji wa bei nafuu hubana matumizi kuliko kwingine kote. Ala ya kitambaa isiyo na bitana ngumu hutobolewa na ncha, mara nyingi bila mwenyewe kujua mpaka akae chini. Ya ngozi hutunza unyevu, na kisu cha kaboni kikilala humo kimelowa kitaamka na kutu. Ya plastiki ngumu ni nzuri ikiwa ina tundu chini la kutolea maji na ikikishika kisu barabara, na hilo hujulikana kwa kuigeuza juu chini na kuitikisa kwa nguvu, kisu kikabaki ndani.

Ombi langu kwenu wahariri ni kwamba mnapochapisha tathmini ya vifaa vya namna hii, mwandishi atakiwe kutaja unene wa bapa karibu na makali, hali ya makali baada ya kazi halisi, na kama jaribio hilo la kutikisa ala lilifanyika. Jina la chuma linaweza kufuata baadaye, nafasi ikibaki.

Wasalaam,
Msomaji wenu, fundi seremala