Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Katiba ya shirikisho iseme nchi inatokaje

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakuandikia kuhusu katiba ya Shirikisho la Kisiasa la Afrika Mashariki, ambayo wataalamu wenu wamekuwa wakiikusanyia maoni ya wananchi. Nalitaka shirikisho hilo kwa moyo wote. Ndiyo maana naomba mlitazame kwa makini Shirikisho la Mali.

Senegal na Sudan ya Wafaransa, yaani Mali ya leo, zilipata uhuru zikiwa nchi moja tarehe 20 Juni 1960. Usiku wa kuamkia Agosti 20 nchi hiyo ikavunjika. Miezi miwili tu! Modibo Keïta wa Sudan, mkuu wa serikali ya shirikisho, alitaka dola moja yenye nguvu. Viongozi wa Senegal, Léopold Sédar Senghor na Mamadou Dia, walitaka Senegal ibaki na mamlaka yake. Wakavutana kuhusu mkuu wa majeshi, wakavutana kuhusu urais. Keïta akamvua Dia wizara ya ulinzi na kutangaza hali ya hatari. Usiku uleule wabunge wa Senegal wakapiga kura ya kujitoa, na baadaye Keïta akapakiwa kwenye treni kurudishwa Bamako, mji mkuu wa Sudan.

Kisha reli yenyewe ikakatwa. Njia ya Dakar hadi Bamako, zaidi ya kilomita 1,200, haikuvuka mpaka tena hadi 1963. Mali haina bahari, kwa hiyo mizigo ikabidi izungushwe kwa barabara kupitia bandari ya Abidjan, Ivory Coast. Wafanyakazi wa reli kutoka Sudan walifungasha, wakaondoka Senegal na familia zao. Hao ndio wanaoniuma, kuliko wakubwa waliogombana.

Sisi tuliyaonja hayo 1977, Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983, mgawanyo wa mali za Jumuiya hiyo ukasainiwa 1984, na wastaafu wake wakadai mafao yao miaka mingi baadaye.

Basi rasimu itaje nani anaamuru jeshi, na neno la mwisho ni la nani serikali mbili zikigongana. Itaje hatua za nchi inayotaka kutoka, na nani atawalipa watumishi wake. Iwahakikishie Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini kwamba njia ya bandarini haitafungwa kwa sababu ya ugomvi wa viongozi. Wapo watakaosema kifungu cha kutoka kinakaribisha mgawanyiko. Lakini Senegal ilitoka bila kusubiri utaratibu wowote, kwa usiku mmoja, na askari wakiwa barabarani.

Naomba pia rasimu hiyo ichapishwe kwa Kiswahili, tuisome kabla marais hawajatia saini.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya,
Mwananchi wa Afrika Mashariki