Walipiga gari lisilo lenyewe, sasa nani atajibu?

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wa huku Kiserian hatujalisahau. Usiku wa Oktoba 23, 2022 mwanahabari wa Pakistan, Arshad Sharif, alipigwa risasi ya kichwa akiwa ndani ya Land Cruiser kwa ile barabara ya vumbi ya Kamukuru inayotokea barabara ya Magadi, na kesho yake polisi wakasema ati ni makosa, walikuwa wanatafuta gari lililoibwa Pangani. Sasa hilo gari la Pangani lilikuwa van, Mercedes Sprinter. Mtu yeyote aliyewahi kusimama steji anajua Sprinter na Land Cruiser hata gizani. Lakini tuseme basi walichanganya kweli, giza, vumbi, wasiwasi, nayakubali yote, bado nauliza, gari likipita mawe ya kizuizi cha polisi bila kusimama ni maisha ya nani yalikuwa hatarini pale ndio lifyatuliwe risasi mpaka zimpate abiria aliyeketi tu?

Sheria tunayo na si mbaya. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inasema bunduki itumike tu pale njia zingine zimeshindikana, kama vile kuokoa maisha, tena afisa ajitambulishe na atoe onyo kwanza. Mtu akifa ama akiumia vibaya mkubwa wa kikosi anafaa kuarifu IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza polisi, mara moja na eneo lilindwe. Na tena inasema kwamba kuambiwa na mkubwa si kisingizio, hiyo ndiyo napenda zaidi, manake kila siku tunasikia "niliagizwa".

Hiyo hiyo sheria inataka afisa mwenye sare awe na jina ama namba yake mahali inaonekana. Mimi ni dereva, usiku nabeba watu na mizigo ya soko, na nikwambie ukweli mhariri, unafika mahali unakuta mawe yamepangwa nusu barabara, taa hakuna, ghafla tochi imekupiga machoni unaambiwa zima gari, na huyo anayekuambia amevaa jaketi imefungwa hadi shingoni, jina huoni, namba huoni, kitu cha kwanza unaona ni mdomo wa bunduki. Hapo uamue haraka huyu ni polisi ama ni mwizi, kwa sababu wezi pia wanapanga mawe hivyo hivyo! Ukikanyaga mafuta kwa woga unaitwa mhalifu. Kwangu mimi kosa linaanzia hapo, kabla hata risasi haijatoka.

Julai 2024 Jaji Stella Mutuku wa Mahakama Kuu ya Kajiado aliamua kwamba ule ufyatuaji ulivunja haki za marehemu, familia ilipwe shilingi milioni 10, na kwamba kutowashtaki waliohusika nako ni kuvunja haki. Nilishukuru sana kwa ule mjane aliyetoka mbali hivyo kutafuta haki kwa korti zetu. Lakini hiyo fidia ni serikali inadaiwa, ina maana ni kodi yangu na yako, na yule aliyefyatua hatoi hata shilingi. Hata Uingereza walifanya hivyo hivyo, mwaka 2005 polisi wa London wakamuua Jean Charles de Menezes, raia wa Brazil, ndani ya treni ya Stockwell wakidhani ni mtu wa mabomu, mwisho idara ikapigwa faini ya pauni 175,000 na hakuna afisa hata mmoja aliyeshtakiwa kwa kumuua.

Angalia sasa tofauti. Juni 2025 kijana aliyekuwa anauza barakoa katikati ya Nairobi alipigwa risasi kichwani mchana kweupe, watu wanarekodi, nchi nzima ikaona kwa simu, na kabla ya miezi miwili kuisha afisa alikuwa ameshtakiwa kwa mauaji. Hiyo ilifanywa na kamera. Kamukuru hakukuwa na kamera, ni usiku na vichaka, ndio maana tuliambiwa "makosa" na tukatarajiwa kunyamaza. Haki haiwezi kungoja mpaka kuwe na mpita njia ako na bando na simu yenye chaji, kwa sababu maboma mengi ya Kajiado na mitaa mingi ya Mathare hiyo bahati hawana.

Bunduki ya serikali haitembei peke yake. Inatolewa ghalani, afisa anatia sahihi, anahesabiwa risasi, asubuhi anarudisha anahesabiwa tena. Kwa hivyo nani alifyatua si fumbo hata kidogo, ni mtu kufungua kitabu tu. Namuomba Inspekta Jenerali, na IPOA, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, mtuambie wazi: usiku ule nani alitia sahihi ya bunduki zilizokuwa pale kwa mawe, zilirudi na risasi ngapi, mkubwa gani aliagiza kizuizi kiwekwe, na hao wote leo wako kazi kituo gani?

Dereva,
Kiserian