Mwanangu, hebu tupunguze mzigo

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku Muheza hatujambo, baba yako anakusalimu sana, na magoti yangu yameacha kunisumbua tangu jua lirudi.

Uliponiambia kwenye simu kwamba siku hizi unajifungia bafuni kulia ili dada wa kazi asikuone, niliona neno hilo halijibiki kwa simu ambayo mjukuu wangu anakunyang'anya kila dakika. Nimekuandikia. Isome ukiwa kwenye gari, foleni ikikukamata pale Buguruni.

Najua wapo wanaokuambia mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika tatu: kazi, chuo na nyumba. Sikuambii uachie hata kimoja. Ninachokuambia ni kwamba kila kimoja kina kiasi kinachoweza kupungua, na ni heri upunguze wewe mwenyewe sasa hivi, kuliko kusubiri mwili wako ukupunguzie. Nimeuguza watu miaka mingi, nimeona mwili unavyopunguza. Hauulizi mtu mtihani wake ni lini.

Nianze na usingizi. Unasema mtoto akishalala unafungua vitabu mpaka saa saba, na saa kumi na nusu alfajiri uko macho kuwahi gari. Hizo ni saa tatu na nusu. Mtu mzima anahitaji saa saba na kuendelea. Wodini, zamu ya usiku, saa tulizoziogopa ni saa tisa na saa kumi. Mgonjwa ni yuleyule, dawa ni ileile, lakini jicho linaruka sifuri bila wewe kujua. Ndiyo maana saa zile hatukumwachia mtu mmoja dawa nzito. Mmoja anashika kichupa karibu na taa, anasoma jina na kipimo kwa sauti. Mwenzake anafuatisha kwa kidole kwenye faili la mgonjwa. Wakikubaliana ndipo dawa inavutwa kwenye sindano. Hao walikuwa wauguzi hodari, tena wazoefu, na bado hawakujiamini, kwa sababu walijua usingizi unafanya nini kichwani. Sasa wewe kutwa unajaza hesabu za ushuru wa makontena ya watu, halafu usiku unataka kichwa hichohicho kimeze sura mbili za kitabu. Hakimezi. Na hata hicho kidogo ulichosoma, ubongo unakipanga na kukihifadhi ukiwa umelala. Ukiunyima usingizi, umesoma bure.

Na yale makopo ya kuongeza nguvu, mwanangu, naomba uyaache. Kafeini haitoki haraka mwilini. Ukinywa saa moja jioni, kwenye saa sita usiku karibu nusu yake bado inazunguka kwenye damu yako. Kwa hiyo hata hizo saa tatu na nusu unazolala, hulali usingizi mzito.

Utaniuliza, sasa nisome saa ngapi? Nimelifikiria hili. Unaondoka Kimara saa kumi na moja kukwepa foleni, unafika Kurasini saa kumi na mbili na nusu, na ofisi inaanza saa mbili. Hapo katikati una saa moja na nusu, ofisi kimya, kichwa kimelala vizuri, hakuna mtoto wala sufuria jikoni. Hilo ndilo darasa lako. Simu iweke kwenye mkoba. Saa ya chakula cha mchana kula nusu saa, nusu nyingine pitia maswali ya mitihani iliyopita. Na kwenye gari usihangaike na kitabu, utaumwa kichwa. Jirekodi kwenye simu ukijisomea muhtasari wako, halafu jisikilize njiani. Nilipokuwa nasomea uuguzi nikiwa na nyie watatu hatukuwa na simu za namna hiyo, nilikuwa najisemesha mwenyewe njiani mpaka watu wananitazama. Lakini inakaa kichwani. Ukirudi nyumbani jioni, vitabu vibaki ndani ya mkoba. Saa tatu na nusu lala na mwanao.

Kuhusu kazi. Bosi wako ni mtu mzuri, umeniambia mwenyewe, lakini mtu mzuri naye akizoea kwamba wewe hukatai, atakuita kila meli ikitia nanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na zisizidi 9 kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, haziruhusiwi kupita 50 katika wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Sikutumi ukagombane. Chukua daftari, andika kila siku umeingia saa ngapi na umetoka saa ngapi, mwezi mmoja tu, halafu kaa naye kwa heshima umwoneshe. Watu wengi hawaoni uchovu wa mwenzao mpaka wauone umeandikwa.

Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kwenda kumnyonyesha mwanawe. Kwenda Kimara na kurudi Kurasini kwa saa mbili haiwezekani, hilo nalijua. Muombe uziweke mwishoni mwa siku, utoke mapema kabla barabara ya Mandela haijafunga. Na ile likizo yako ya mwaka ya siku 28, iombe iangukie mwezi wa mitihani. Iombe kwa barua, tena mapema, na nakala ubaki nayo.

Chuo nacho. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992, na tangu mwanzo kilikuwa cha watu kama wewe, walio kazini na wenye watoto. Nani amekuambia lazima umalize kwa miaka mitatu? Yule rafiki yako aliyemaliza kwa miaka mitatu hana mtoto anayeamka usiku. Nenda kituoni kwenu, kaa na wahusika, uulize unaweza kupunguza masomo mangapi mwaka huu bila kuvunja taratibu zao. Ukifaulu masomo machache vizuri, umekwenda mbele kuliko kusajili mengi ukarudia nusu yake. Shahada ikichelewa mwaka mmoja haiozi.

Sasa nyumbani. Mkwe wangu ni kijana mwema, nampenda, na kwa sababu nampenda nasema hivi: usimuombe akusaidie. Mkae Jumapili mgawane. Kumuogesha mtoto na kumlaza, Jumatatu mpaka Alhamisi, ni zamu ya baba yake. Akikosea kumfunga nepi, mwache. Ukimnyang'anya kazi kwa sababu hafanyi kama wewe, kesho atakurudishia zote. Kupika nako punguza. Loweka maharage Ijumaa usiku, Jumamosi chemsha sufuria kubwa bila kuyaunga, yagawe kwenye vyombo vidogo ugandishe. Siku ya kazi ni kuunga tu na kusonga ugali, dakika ishirini mnakula.

Lakini kuna jambo moja linaniumiza nalo ni la dada. Umeniambia anaamka na wewe saa kumi na nusu na analala wa mwisho. Mwanangu, muda unaopata wewe wa kwenda kazini na kusoma, mwingi unatoka kwake. Naye ni mtoto wa mwenzangu huko alikotoka. Zile saa 45 nilizokutajia ni zake pia, na kila wiki ana haki ya saa 24 za kupumzika mfululizo. Mpe Jumapili yake nzima, mlipe kwa tarehe, na kama ana hamu ya kushona au kusoma, mtafutieni nafasi. Huwezi kutaka bosi wako akuonee huruma huku nyumbani kuna mtu anayechoka kwa ajili yako na hasemi.

Upande wa ukoo niachie mimi. Hili nilikuwa nimelipanga kabla hujapiga simu. Vikao vya harusi ya binamu yako, kitchen party, sare, yale makundi ya WhatsApp yanayolia mpaka usiku wa manane: nimeshaongea na shangazi zako. Nimewaambia utatoa mchango mmoja, utakuja siku ya harusi yenyewe, basi. Mmoja amenuna, atanunua uso mwingine. Misiba ya karibu utakwenda, ile ya mbali nitakwenda mimi kwa niaba yako, na salamu zako nitazifikisha kwa jina. Na hela unazonitumia kila mwezi, simamisha mpaka umalize mitihani. Pensheni inaingia, kuku wanataga, baba yako ana mihogo yake shambani. Hatulali njaa. Hela hizo mlipie dada vizuri, au siku mvua ikinyesha upande bajaji badala ya kugombania gari na mvua inakulowesha.

Na sasa nakusihi kama muuguzi. Wiki hii nenda kapime damu na presha. Uchovu wa mama anayenyonyesha si wa mawazo peke yake, mara nyingi damu imepungua. Kipimo cha wingi wa damu kikisoma chini ya 12, usikimbilie duka la dawa kununua vidonge kwa kubahatisha, muone daktari. Kula mchicha, maharage, dagaa, na chai usiinywe pamoja na chakula, isogeze mbele kama saa moja, kwa kuwa inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Tena ujichunguze kwa ukweli: kama karibu kila siku kwa wiki mbili unalia, hufurahii hata mtoto akicheka, chakula hakishuki, au usingizi haupatikani hata nafasi ikiwepo, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, una tiba yake, na kuutibu si aibu wala si udhaifu wa imani. Ukianza kuwaza kwamba heri usingekuwepo, usisubiri hata asubuhi. Mwamshe mume wako, nipigie mimi, mwende hospitali usiku huohuo.

Usinifiche kitu kwa kuogopa kunipa presha. Presha yangu naimezea kidonge kila asubuhi na imetulia. Kinachoninyima usingizi ni kutojua hali yako.

Mwezi wa mitihani nakuja kukaa nanyi. Jirani atamwangalia baba yako na kuku. Nitashukia stendi ya Magufuli pale Mbezi, msihangaike kunifuata, nitapanda gari mpaka kwenu. Sitaki kitanda cha peke yangu, nitalala na mjukuu wangu, na usiku akiamka ataamka na mimi. Wewe unachotakiwa kufanya sasa ni kunitumia ratiba ya mitihani ikitoka, na uniambie kama yule mtoto bado anakataa uji wa ulezi, nijue nije na nini. Ndimu na nazi nitaleta.

Nakupenda sana.

Mama yako,
Muheza