Malalamiko: reli mlizonitumia Mtwara siyo nilizooda

Kwa wahusika wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi ndugu zangu. Mimi ni mteja wenu niko Mtwara mjini, nimeshapiga simu mara nne na kila anayepokea ananiambia nisubiri, sasa naona bora niandike.

Mwezi uliopita nilioda kwenu reli za treni za modeli saizi N, yaani kati ya reli na reli ni milimita 9. Pointi mbili, yaani zile reli za kuchepusha treni kwenda njia nyingine, moja ya kushoto moja ya kulia, na vipande vilivyonyooka. Nikaandika kwenye oda kwa herufi kubwa MILIMITA 9. Mzigo umefika stendi, nikafungua, nikapima kwa rula nikapata milimita 16 na nusu, hizo ni za HO, saizi kubwa kuliko N jamani! Nimeweka kichwa cha treni juu yake, magurudumu yakadumbukia katikati yakakaa kwenye mataruma, hata hakisogei. Halafu pointi zote mbili ni za kushoto.

Kijana wenu akaniambia reli ni reli, niongeze tu ukubwa wa ubao wa kupigilia reli. Hapo ndo niliumia, maana ubao ndo kitu nilichokipigia hesabu miezi mitatu. Ni vipande viwili vya sentimita 60 kila kimoja, vinakunjwa uso kwa uso kama begi ili nipande navyo bodaboda au basi la Lindi. Bawaba nimezipandisha juu ya vigingi vya mbao, zimepita usawa wa reli, kwa sababu ukizipiga chini kwenye ubao ukikunja tu ncha za reli zinagongana zinapinda. Fundi seremala alirudia mara mbili mpaka ikakaa sawa. Sasa kwa reli zenu urefu wote unakuwa karibu mara mbili, nani ataubeba?

Mpangilio wenyewe ni ule wa Inglenook, mchezo wa kupanga mabehewa kwa kuyasukuma na kuyavuta, alioubuni Mwingereza Alan Wright, njia tatu za kuegesha, moja inachukua mabehewa matano na mbili zinachukua matatu matatu, na mbele panaingia kichwa na mabehewa matatu tu. Una mabehewa nane, unachagua matano kwa kura na lazima uyapange kwa zamu ilivyotoka. Zamu zinazowezekana ni 6,720, kwa hiyo mtoto hachoki, ila kipimo kikikosewa kidogo tu mchezo umekufa.

Na naufanya kwa ajili ya watoto wa shule huku. Kusini tulikuwa na reli yetu wenyewe, Waingereza waliijenga kwa mradi wa karanga wa Nachingwea baada ya vita ya pili, ikafungwa miaka ya 1960 ikang'olewa, na watoto wengi hawajui kama treni iliwahi kupita hapa. Babu ndo alinihadithia mimi. Nataka waione inasukuma mabehewa, waishike kwa mikono yao.

Ninachoomba: nitumieni pointi za milimita 9, ya kushoto na ya kulia, na zile za kunyooka, nauli ya basi kwenda na kurudi mlipe nyie maana kosa siyo langu. Kama hamna stoki semeni mapema nirudishiwe hela yangu yote, nitafute kwingine. Hizi za HO nimezifunga kwenye boksi lake, sijazikata wala kuzipiga misumari, risiti na picha ya rula naambatanisha hapa. Shule zinafunguliwa wiki tatu zijazo na nimeshawaahidi walimu wawili, naomba jibu kabla ya Ijumaa.

Mteja wenu, Mtwara