Kwa nini mkojo unakubana bwawani

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na wala usione haya kuuliza kwa nini ukikaa bwawani kidogo tu mkojo unakubana. Swali hilohilo limewahangaisha watafiti wa safari za anga miaka mingi.

Ukisimama nchi kavu, damu nyingi hutuama kwenye vena za miguu na tumbo. Ukizama hadi shingoni, maji hukukandamiza pande zote, na miguu iliyo chini zaidi ndiyo hukandamizwa zaidi. Damu inapanda: kama mililita 700 huhamia kifuani. Moyo unajaa, na kila pigo linasukuma damu zaidi kwa takriban theluthi moja, ingawa mapigo yenyewe hayaongezeki.

Hapo ndipo mwili unapodanganyika. Vyumba vya juu vya moyo vikitanuka, hudhani damu imezidi, ilhali haijaongezeka hata tone, imehama tu! Moyo unatoa homoni ya kuzihimiza figo zimwage chumvi na maji, na ubongo nao unapunguza ile ya kuzuia mkojo. Maji yakiwa baridi ndiyo kabisa, ndiyo maana watafiti hutumia ya uvuguvugu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Duane Graveline, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, alikaa majini siku saba kujipima mwenyewe, maana mwili ukielea majini unafanana kiasi na ule usio na uzito angani. Ngozi haivumilii hivyo, kwa hiyo Warusi wakabuni njia nyingine: mtu hulazwa juu ya kitambaa kipana kisichopitisha maji, akazama nacho taratibu, maji yakamzunguka bila kumlowesha. Baada ya siku moja tu, sehemu ya majimaji ya damu yake huwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 10. Mwambie asimame uone: kizunguzungu, mapigo mbio, wengine karibu wazirai. Wanaanga wakirudi duniani hupatwa na hayohayo.

Ila wanaosema maji ni sawa na anga za juu mimi sikubaliani nao. Mwaka 1991, ndani ya chombo cha Columbia, mwanaanga alirushwa akiwa na mpira mwembamba uliopitishwa kwenye vena hadi karibu na moyo. Wengi walitarajia shinikizo la damu hapo lipande, kama linavyopanda majini. Likashuka! Na bado moyo ulikuwa umetanuka. Huko juu hakuna kinachokandamiza kifua kutoka nje, na hata ule mkojo mwingi uliotarajiwa haukuonekana.

Basi ukikaa sana majini, kunywa maji na upande ngazi polepole, ukishika chuma. Na Mama, kwa kuwa moyo wake una matatizo, asiingie kina cha shingoni kabla hajamuuliza daktari wake. Kile cha kiunoni ni chepesi zaidi kwake. Nijulishe atakachoambiwa.

Rafiki yako,
Zuhura