Barua ya wazi kwa wanangu mliopata nafasi ya udaktari wa meno

Wanangu, watoto wa Dar, Mombasa, Goma na Bujumbura mliokulia huku Marekani,

Hongereni sana. Najua mlivyohangaika na DAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya meno, na najua mlivyoshinda na simu mkononi Desemba 15, siku ambayo vyuo vingi vya meno huanza kutoa majibu. Nimefurahi pamoja nanyi. Lakini naandika nikiwa nimeudhika, na sitawaficha kilichoniudhi.

Nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga kijana wetu anayekwenda chuo. Ukumbi ulipambwa, mshereheshaji akalitaja jina la chuo kila wimbo ulipokwisha, kapu la mchango likazunguka. Pilau ikipakuliwa, kijana alimfuata baba yake mdogo na simu: "Baba mdogo, niwekee sahihi hapa, ni ya mkopo." Yule bwana, ambaye kwa miaka mingi anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akajifuta mafuta kidoleni, akasaini kwenye kioo cha simu, akarudi kwenye sahani yake. Hakusoma mstari hata mmoja. Nikamuuliza amesaini nini. Akasema, "Dada, si mtoto wetu huyu?"

Amesaini udhamini. Kijana akishindwa kulipa, benki itamdai yeye. Deni lile linaingia pia kwenye rekodi yake ya mikopo, na siku akitaka kununua nyumba ataulizwa habari zake.

Tulifikaje hapo? Kijana huyo alikuwa amekubaliwa pia na chuo cha jimbo lake, ambacho ada yake kwa mkaazi ni ndogo zaidi. Lakini kile chenye jina kubwa ndicho kilichojibu kwanza, kikampa siku chache, wazazi wakatoa dola 1,500 za kushikilia nafasi. Chuo cha jimbo kilipojibu baadaye, nyumba nzima ilisema, "Tumeshalipa." Kwa ajili ya dola 1,500 wakakubali deni la mamia ya maelfu!

Nisikilizeni vizuri. Pesa ile ni kishika uchumba, ndoa bado. Aghalabu hairudishwi, ni kweli, na ukienda chuo hicho kwa kawaida hukatwa kwenye ada. Lakini haikufungi. Lipa kwa chuo kilichokujibu kwanza kama unakipenda, na chuo bora kwako kikijibu baadaye, iache ipotee. Inauma, lakini iache. Mzazi akisema "tumeshalipa," mwekee mezani karatasi mbili zenye gharama za miaka minne za vyuo vyote viwili, halafu mhesabu pamoja.

Hesabu yenyewe imebadilika, na wengi wetu bado tunapiga ile ya zamani. Zamani mwanafunzi wa meno aliweza kukopa serikalini kupitia Grad PLUS mpaka gharama yote ya masomo, chakula na pango vikiwemo. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeufunga mlango huo kwa wanaoanza kukopa tangu Julai 1, 2026. Sasa mkopo wa serikali kwa masomo ya aina yenu una kikomo: dola 50,000 kwa mwaka, na dola 200,000 kwa jumla. Wapo vyuo binafsi ambavyo gharama ya mwaka mmoja, maisha yakiwemo, inavuka dola 100,000. Nusu inayobaki inatoka wapi? Inatoka benki, na benki haimjui mtoto wa miaka 22 asiye na kazi. Inataka mdhamini. Ndipo baba mdogo anapoitwa kwenye pilau.

Mkopo wa benki hauna huruma ya ule wa serikali. Hakuna kulipa kulingana na kipato chako, wala kusamehewa kwa kutumikia umma. Riba yake mara nyingi inaanza kuhesabiwa ungali darasani, na ikiwa ni ya kupanda na kushuka, hujui utakuta nini baada ya miaka minne. Kwa hiyo kabla hamjamwomba ndugu sahihi, mketi naye siku isiyo na muziki, mumsomee mkataba kwa Kiswahili mpaka mwisho, kisha mumwache alale na mawazo yake. Akikataa, msimnunie.

Mengine nayataja kwa kifupi. DDS na DMD ni shahada moja yenye majina mawili, msibishane. Hakikisheni chuo kina ithibati ya CODA, tume inayokagua vyuo vya meno Marekani. Mtihani wa taifa wa kupatia leseni, INBDE, ni wa kufaulu au kufeli, bila alama za kujivunia. Ulizeni bei ya vifaa, maana ni maelfu ya dola juu ya ada. Waulizeni wanafunzi wa mwaka wa nne, msiiulize ofisi ya udahili, nani anawatafutia wagonjwa wa kuziba meno, kung'oa na kutengenezewa meno ya bandia. Wapo wanaochelewa kuhitimu kwa kukosa wagonjwa. Wenye uraia waangalie ufadhili wa National Health Service Corps, mpango wa serikali wa kupeleka watabibu kwenye maeneo yenye uhaba, na ule wa jeshi, HPSP: wanakulipia ada, nawe unatumikia miaka uliyokubali.

Na sisi wazee tuna la kujibu. Tunachanga kwa ajili ya jina la chuo ili tulitaje kanisani na msikitini, na mtoto akichagua chuo cha karibu tunamuuliza kwa upole wa uongo, "Kwani kule hawakukuchukua?" Swali hilo limewapeleka watoto wetu kwenye madeni. Tuliache.

Wanangu, mkishaamua, siku hiyohiyo viandikieni vyuo vingine kwamba mnaachia nafasi. Mistari miwili yenye shukrani inatosha. Kuna mwenzenu kwenye orodha ya kusubiri ambaye mama yake hajalala. Na kama mna barua ya mkopo msiyoielewa, nileteeni kabla ya kusaini. Jumapili mchana nipo nyumbani.

Shangazi yenu