Feni zisiharibikie stoo

Rafiki yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa shughuli. Uliponiandikia kwamba feni zimeshafika na jengo bado, nilipata wasiwasi. Feni kubwa ya kiwandani huweza kuharibika ikiwa imesimama tu, kabla hata haijaonja umeme.

Shida huanzia kwenye beringi. Shafti ikikaa hivyo hivyo miezi, uzito wote huzielemea gololi zilezile, grisi hushuka chini, na mtetemo wa mashine za jirani huzifanya zichimbe vijishimo kwenye njia yake. Kwa nje huoni kitu. Utasikia muungurumo siku ya kuwasha. Basi kila mwezi shafti izungushwe kwa mkono mara kadhaa, kisha iachwe isimame mahali tofauti na mwanzo. Piga alama ya chaki kwenye puli uhakikishe mwenyewe, maana tarehe iliyoandikwa daftarini peke yake siiamini. Mikanda nayo ilegeze, isiivute shafti upande mmoja muda wote huo.

Zifunike, lakini usizizungushie nailoni mpaka chini: unyevu ukinaswa humo, kutu haikawii. Midomo ya hewa izibe, panya wasiingie.

Siku ya kunyanyua, simama hapo wewe mwenyewe. Kamba zifungwe kwenye masikio ya fremu, kamwe si kwenye shafti wala mapanga. Ile pete iliyo juu ya mota ni ya kubebea mota tu. Haihimili feni nzima.

Mguu wa feni ukiacha mwanya juu ya zege, weka vibamba vyembamba vya chuma kabla ya kukaza bolti. Ukiulazimisha kwa spana, fremu hupinda na beringi huenda upande.

Fundi umeme aipime mota kwa mega, kile kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye nyaya zake, kabla ya kuiunganisha. Kisha aiwashe kidogo na kuizima, mtazame inazungukia wapi. Feni yenye kasha la konokono ikizunguka kinyume bado hupuliza upande uleule, ila kwa unyonge, kwa hiyo ufuate mshale uliochorwa kwenye kasha. Ikiwa kinyume, abadilishane nafasi za nyaya mbili za fezi.

Ikishafanya kazi siku moja, izime, swichi ipigwe kufuli, mkaze tena bolti na mikanda.

Nitumie picha ya kibati cha mota na jina la grisi iliyomo. Usiongeze nyingine kwanza; grisi zisizopatana zikichanganyika huweza kulainika na kuvuja.

Wako daima.